Kabla Hujafuta Ujenge Upya

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell kule New Jersey, Stephen Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Asubuhi nzima ilikuwa imemwishia akitafuta kosa ndani ya programu isiyokuwa na kosa. Kosa lilikuwepo zamani, naye alikwisha kulirekebisha. Tatizo ni kwamba faili alilolirekebisha halikupitishwa tena kwenye kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine, kwa hiyo alichokuwa akikijaribu ni kile kile cha mwanzo. Feldman hakuhitaji maelezo marefu; jioni iliyotangulia naye alikuwa amehangaishwa na balaa hilo hilo. Akaanza kuwaza zana kubwa ya kuchambua uhusiano wa kila faili na jingine, akaipunguza, akaipunguza tena, na mwisho wa wiki ile ikawa Make.

Kisa hiki amekisimulia Feldman mwenyewe, na sisi tunaofanya kazi ya kupokea taarifa za hitilafu tungekiweka ukutani. Zana mama ya kujenga programu ilizaliwa na taarifa ya hitilafu, na taarifa yenyewe ilikuwa na kila kasoro: mletaji ana hasira, hajaandika chochote, na mahali alipopashuku sipo palipokuwa na ugonjwa.

Kazi ya Make yaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Unaiambia faili gani linatokana na lipi, na kwa amri ipi. Inatazama saa ambayo kila faili liliandikwa mara ya mwisho. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, inarudia kazi. Kikiwa cha zamani, inaruka. Zana zilizokuja baadaye, Ant na Maven na Gradle kwa watu wa Java, CMake na Ninja kwa watu wa C++, Bazel ambayo Google iliiweka wazi mwaka 2015, zimejenga mengi juu ya msingi huo, na baadhi zimeacha kuiamini saa, zinalinganisha yaliyomo ndani ya faili. Hata hivyo zote zinahangaika na swali lile lile: kazi ipi haina haja ya kufanywa tena? Mradi wenye mafaili elfu kumi hauwezi kujengwa wote upya kila mtu anaposahihisha herufi. Ustadi wa zana uko katika kuacha.

Na humo humo ndimo maradhi yake yalimo. Zana inaweza kukosea kwa kufanya zaidi ya inavyotakiwa. Watu watanung'unika kwamba inachelewa, watakwenda kunywa chai, na wakirudi watakuta kazi imekwisha na ni sahihi. Inaweza pia kukosea kwa kuacha lililopaswa kufanywa, na kosa hilo halichelewi hata kidogo. Linamalizika kwa sekunde chache, linaandika kwa rangi ya kijani kwamba mambo ni salama, linakukabidhi programu ya jana. Malalamiko mengi ninayoyasoma ni ya aina ya kwanza. Ninayoyaogopa ni ya aina ya pili, nayo huja yakiwa na sura ya jambo jingine kabisa: nimebadilisha rangi ya kitufe lakini kwenye simu haibadiliki, jaribio linapita kwangu, kwa Asha linaanguka, tangu jana programu ina tabia ya ajabu. Hakuna anayeandika kwamba zana imeruka faili. Atajuaje?

Kila fani ina dawa yake ya kwanza, na ya kwetu inajulikana kila ofisi: futa mazao yote, jenga upya. Karibu kila mradi wa Make una amri yake ya kusafisha. Watumiaji wa Maven huitanguliza amri hiyo mbele ya kila ujenzi, vidole vinajiendea vyenyewe. Wanaojenga programu za Android hufuta kache, ile akiba ya kazi zilizokwisha kufanywa, wakafuta na folda ya ujenzi, wakafunga kila kitu na kuwasha tena. Dawa hii inaponya, na hapo ndipo penye ubaya wake. Mtu akihisi homa akameza dawa ya malaria kabla ya kupima, siku akienda maabara kipimo chaweza kusema hana kitu, na daktari asijue kamwe alikuwa akiumwa nini. Folda iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na tarehe za mafaili, na kumbukumbu za zana kuhusu kipi ilikiona kipya na kipi cha zamani, pamoja na lile zao bovu lenyewe. Ikishaondoka hakuna cha kuchunguza. Hitilafu itamrudia mtu mwingine wiki ijayo, naye atafuta, atajenga upya, atasonga mbele. Zipo timu zilizoishi hivi kwa miaka, zikilipa dakika zao kila asubuhi kwa sababu ya mstari mmoja wa uhusiano ambao hakuna aliyeuandika kwenye faili la ujenzi.

Kwa hiyo mtu akiniandikia, ombi langu la kwanza ni asiguse kitu. Anakili folda nzima pembeni kwa njia inayohifadhi tarehe, kisha afute aendelee na shughuli zake. Hilo la tarehe si urembo: ukinakili kwenye Linux kwa amri ya kawaida, kila nakala inapewa saa ya sasa hivi, na kwa zana inayoishi kwa kusoma saa huo ni ushahidi uliovurugwa. Wengi huona ninawasumbua. Wanaokubali hunipa kitu ambacho hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kukifikia, kwa kuwa juu ya folda iliyohifadhiwa vizuri zana yenyewe inahojika. GNU Make ukiiongezea alama ya -d itakutolea uamuzi wake faili kwa faili: hili ni jipya kuliko lile, lazima lijengwe, hili halina haja. Gradle nayo ukiitaka iseme zaidi itakuambia kwa nini imeirudia kazi fulani, kwamba faili fulani la chanzo limebadilika, au kwamba haina historia ya kazi hiyo. Ni usomaji wa kuchosha, lakini ndani yake mna mstari mmoja ambao zana inasema kitu unachojua si kweli. Ukiufikia huo, kazi imekwisha.

Nilivyowahi kuupata kwa kijana mmoja wa mafunzo kazini, mstari huo ulisema faili alilolihifadhi dakika ile ile ni la miaka mingi iliyopita. Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, ya zamani, betri ndogo inayotunza saa imekufa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine iliamka ikiamini ni mwaka ilipotengenezwa, na mpaka ipate intaneti ya kuirekebisha, kila alichoandika kilipewa tarehe ya kale. Make ikitazama inaona chanzo kikuukuu na zao changa, inaruka. Faili likiwa na tarehe ya wakati ujao, GNU Make hupiga kelele kwamba saa haziko sawa na huenda ujenzi haukukamilika. Tarehe ikiwa ya zamani hainung'uniki, maana mafaili ya zamani ni jambo la kawaida duniani. Kijana alikuwa amejizoesha kufuta na kujenga upya kila baada ya umeme kukatika. Alidhani ndivyo programu zinavyojengwa.

Taarifa zenyewe hazifiki zikiwa na umbo hili zuri. Zinafika WhatsApp, picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imekaa upande, mwanga wa dirisha umeramba nusu ya maandishi. Chini yake: "Habari za mchana kaka, samahani kwa usumbufu, bildi imegoma, naomba msaada." Mpigaji ameelekeza kamera kwenye mstari wa mwisho, mwekundu, usemao kwamba ujenzi umeshindwa. Kwa adabu yote hiyo, mstari huo hauna kitu ndani yake. Kwenye C na C++ unautafuta wa juu kabisa, lile kosa la kwanza, kwa sababu kompaila ikikosa faili moja la vichwa inaweza kutapika mamia ya makosa ambayo yote ni watoto wa lile moja. Kwenye Java mambo yamegeuka: makosa yamefungwa moja ndani ya jingine, na kiini huwa kwenye tamko la mwisho la chanzo, chini kabisa, baada ya mistari mingi ambayo jicho linachoka kuipita. Hakuna aliyefundishwa hili darasani. Mtu anaokota njiani, au haokoti.

Simon Tatham, Mwingereza aliyeandika PuTTY, alichapisha mwaka 1999 makala kuhusu namna ya kuripoti hitilafu ambayo bado inapitishwa mkono kwa mkono. Kiini chake ni kutenganisha ulichokiona na unachokidhania: sema ulifanya nini, ukaona nini, ulitarajia nini, dhana zako ruhusa, ila ziwe kando ya ukweli na zisikae mahali pake. Ushauri huo umenisaidia sana, ingawa kwenye zana za ujenzi naukubali nusu. Mtu akiniambia zana imeganda, na nikikuta ilikuwa inapakua kifurushi kimya kimya kwa mtandao wa polepole, dhana yake ni mbovu, lakini imenieleza jambo ambalo vipimo havinielezi: kwamba zana ilikaa muda mrefu bila kusema inafanya nini. Hiyo ni hitilafu, na ni ya kwetu. Ukiitupa dhana kwa sababu haikufikia kiini cha tatizo, umeitupa na habari ya namna zana inavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Mjumbe hauawi, wanasema, lakini zana ya kujenga huuawa kila siku kwa habari za watu wengine. Kompaila ikikataa, lawama ni ya zana. Diski ikijaa, ya zana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia sana, ikawa ya kubahatisha. Programu ya Android ya kawaida inategemea maktaba kadhaa zilizo kwenye seva za mbali, na Gradle isipozipata haiendelei. Kinachoonekana juu ni kwamba maktaba fulani imeshindwa kupatikana. Sababu, kwamba muda wa kuisubiri seva umekwisha, iko mistari kadhaa chini. Msomaji mwenye haraka anaelewa kwamba maktaba haipo, anaanza kubadilisha namba za matoleo, na jioni anakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Ongeza hapo kwamba kifurushi cha Gradle chenyewe kinazidi megabaiti 100, kwa hiyo mwanafunzi anayenunua bando la siku anaweza kulimaliza kabla hajaandika mstari wake wa kwanza.

JCenter nayo ilitesa watu kwa njia inayofanana na hii. Ilikuwa ghala la maktaba ambalo miradi mingi ya Android ililitaja kama ilivyokuwa desturi, mpaka Februari 2021 wenyewe, JFrog, wakatangaza kulifunga. Halikufungwa kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa liliendelea kujibu kwa maktaba za zamani bila kupokea mpya, kwa hiyo mradi uliolala ukiamshwa ulijengeka leo, kesho ukagoma, na mwenyewe akaapa kwamba hajagusa kitu. Alikuwa anasema kweli. Ninapenda kuwakumbusha wanaopokea taarifa kwamba mtu anayesema hajagusa kitu mara nyingi hajagusa. Dunia iliyomzunguka ndiyo imeguswa.

Basi je, tujibu kwamba si yetu na tufunge taarifa? Kwa sheria, ndiyo. Kwa maoni yangu maneno ambayo zana inasema inaposhindwa ni sehemu ya zana sawa na msimbo wake, na ujumbe unaompeleka mtu mahali pabaya unastahili taarifa yake. Make yenyewe ni mfano mzuri. Katika faili lake, kila mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi nane badala yake, kwa macho hakuna tofauti, na zana inakataa. Feldman ameeleza ilivyokuwa: alikuwa mgeni na Lex, zana ya kuchambua maandishi aliyoitumia, njia hiyo ya Tab ilimrahisishia, ikafanya kazi, akaiacha. Wiki chache baadaye alikuwa na watumiaji kama dazeni, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwaharibia waliyokwisha kuandika. Hao dazeni wakawa mamilioni. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya ACM kwa ajili ya Make, na Tab ilikuwa ingali pale.

Kwa muda mrefu aliyeweka nafasi mahali pa Tab aliambiwa tu kwamba kitenganishi hakipo. Kitenganishi gani? Baadaye watunzaji wa GNU Make wakaongeza kauli ndogo ya kuuliza kama hukukusudia Tab badala ya nafasi nane. Sijui badiliko jingine dogo kama hilo lililookoa usiku wa watu wengi namna hiyo. Toleo la 3.82 la mwaka 2010 lilikwenda mbali zaidi, likamruhusu mtu achague alama nyingine kabisa badala ya Tab, na karibu hakuna anayeitumia. Watu walihitaji zaidi kuambiwa wamekosea wapi kuliko kupewa uhuru wa kuchagua.

Dazeni ile ya rafiki inanifikirisha kwa sababu nyingine. Zana hujengwa kwanza na watu wanaofanana: kompyuta za aina moja, majina ya kuingilia yenye neno moja, lugha moja, saa za eneo moja. Hitilafu zenye thamani kubwa zinaletwa na wasiofanana nao. Zuhura Said anaweka jina lake kamili kwenye Windows, folda yake inaitwa Zuhura Said, na Make, ambayo hutenganisha orodha za mafaili kwa nafasi, inaona hapo mafaili mawili. Malalamiko ya jambo hili yamekaa wazi kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu kulirekebisha ni kubadili namna lugha nzima ya Make inavyosomwa. Mtu wa Istanbul anajenga programu ya Java: katika Kituruki herufi I kubwa ikipunguzwa haiwi i yenye nukta, inakuwa ı isiyo na nukta, kwa hiyo zana inayobadili majina yake ya ndani kuwa herufi ndogo kwa kufuata lugha ya kompyuta inayatafuta majina ambayo hayapo. Zana kadhaa za Java zimewahi kuvunjika hivyo, na mletaji wa taarifa akajibiwa kwamba kwetu inafanya kazi.

Hata sisi wa saa za Afrika Mashariki tumo. Faili la zip, ambalo ndilo umbo la ndani la jar za Java na apk za Android, huandika saa ya kila kilichomo kwa saa ya ukutani pale lilipotengenezwa, bila kutaja ni ya wapi. Msimbo ule ule ukijengwa Mombasa na London kwa sekunde ile ile unaweza kutoa mafaili mawili yasiyolingana, na anayetaka kuhakikisha kwamba programu aliyopewa imetoka kweli kwenye msimbo uliochapishwa hana la kulinganisha. Watu wa Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, wamekuwa wakipambana na tofauti za namna hii tangu 2013, kifurushi kwa kifurushi, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kutuma viraka vidogo vya kuzuia zana isiandike saa, jina la mashine, au mpangilio wa folda ndani ya zao. Kazi isiyo na shangwe. Wapokeaji wengine huuliza inamsaidia nani.

Zipo hitilafu zinazoletwa na utajiri. Make ikiruhusiwa kufanya kazi kadhaa sambamba, inaanza mafaili mengi kwa wakati mmoja kadiri uhusiano ulioandikwa unavyoruhusu. Kama kuna uhusiano mmoja haukuandikwa, kwenye laptopu dhaifu hutajua, kwa kuwa faili linalohitajika huwahi kukamilika kabla ya kuulizwa. Nunua mashine yenye viini kumi na sita, na mradi uliojengeka miaka mitano unaanza kuanguka, mara moja katika mara nyingi, kila siku mahali tofauti. Peter Miller alikwisha kuandika mwaka 1997 kuhusu miradi inayoita Make ndani ya Make, kila moja ikiona kipande chake cha uhusiano na hakuna inayouona wote. Makala hayo bado ni mapya kuliko miradi mingi ya leo. Kwa mletaji, taarifa ya namna hii ni ya kuaibisha. Hawezi kuionyesha mbele ya mtu. Akijaribu kuupunguza mradi ubaki mfano mdogo, kama wote tunavyoombwa tufanye, hitilafu inatoweka, maana imo katika wingi. Njia ya kupunguza nusu kwa nusu, ambayo kwa Git inaweza kulipata badiliko bovu kati ya elfu moja kwa majaribio kama kumi tu, haifai kitu pale jaribio lenyewe linapodanganya. Taarifa hizi hufungwa kwa kuandikiwa kwamba haijirudii. Ningependa lebo hiyo ipigwe marufuku kwenye zana za ujenzi. Kinachothibitishwa ni kwamba haikujirudia kwenye mashine ya aliyeipokea.

Nasema hivi nikijua upande wa pili ukoje. Zana nyingi na maktaba zinazotegemewa na dunia zinatunzwa na mtu mmoja au wawili baada ya kazi inayowalisha. Mtunzaji wa xz, maktaba ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali palipo na Linux, alisukumwa sana mwaka 2022 kwa malalamiko kwamba anachelewa. Alijibu kwamba ni kazi ya kujitolea, hailipwi. Msaidizi mwenye bidii akawa amejitokeza, akapewa nafasi taratibu, na huyo ndiye aliyeingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliutangaza hadharani. Hakuwa akiwinda wavamizi. Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine, akaona kuingia kwenye mashine kwa ssh kunakula muda kuliko kawaida. Taarifa yake inaanza na dalili alizoziona, na ndani yake zimo amri alizoandika na namba alizozipata: sekunde 0.299 imekuwa 0.807. Akasema wazi kwamba yeye si mtafiti wa usalama. Katika taarifa hiyo hiyo anafuata uzi mpaka kwenye hati ya ujenzi, mstari uliokuwa ndani ya kifurushi cha toleo lakini haumo katika hazina ya msimbo inayosomwa na watu. Mwovu alikuwa ameelewa kwamba msimbo wa programu hukaguliwa, na hati za ujenzi hurukwa.

Katika mkasa ule ninaloliwaza mara nyingi ni nukta moja. Ndani ya faili la CMake la mradi huo kuna jaribio dogo. Zana inachukua programu fupi inayotumia Landlock, uwezo wa Linux wa kuizuia programu isiguse mafaili yasiyoihusu, inajaribu kuijenga, na ikijengeka inajua uwezo huo upo. Katikati ya programu hiyo fupi, kwenye mstari wake peke yake, iliwekwa nukta. Hakuna kompaila itakayoikubali. Jaribio likashindwa kila mahali, na zana ikafanya ilivyofundishwa: ikahitimisha kwamba Landlock haipo, ikaiacha, ikaendelea mpaka mwisho na kutangaza mafanikio. Kiraka cha kuliponya kiliiondoa nukta hiyo.

Utaratibu wenyewe wa kuuliza kwa kujaribu kujenga upo vile vile. Autoconf imekuwa ikiuliza maswali yake kwa namna hiyo tangu 1991 na CMake inafanya hivyo hivyo: jaribu kujenga, ikishindikana andika hapana. Zana haitofautishi kompyuta isiyo na uwezo fulani na swali lililoandikwa vibaya. Makosa ya kompaila yanahifadhiwa, kwa Autoconf kwenye config.log, kwa CMake ndani ya folda ya CMakeFiles, ambamo hakuna anayeingia ujenzi ukiwa umefanikiwa. Mtu akiniandikia kwamba kila kitu kimepita ila programu imepungukiwa na kitu, simwombi mstari mwekundu, hana. Namwomba faili hilo zima, si picha yake. Huwa maelfu ya mistari, na mingi ya hapana zake ni halali kabisa. Lakini kwa kila jaribio lililoshindwa Autoconf huichapa humo programu fupi iliyokataliwa, mstari kwa mstari, na mara nyingine inatosha kuisoma kwa macho.